Re: Kaka kaletewa karatasi za "kubali au kataa" kwenye kesi Marekani, afanyeje?

Dada wa Uyole pole sana, nimeelewa kaka yako kashtakiwa huko Marekani, madai ya ajali ya gari, na wakili wa upande wa pili kamtumia sentensi kibao akubali au akatae. Mwambie asiziweke kabatini hata kidogo! Kama kesi iko mahakama ya shirikisho ana siku 30 toka akabidhiwe, zikipita kimya inahesabika kakiri zote, hata za uongo, na hapo anaweza kushindwa kesi kabla shahidi hata mmoja hajasikilizwa. Mahakama za majimbo zina taratibu zake.

Ajibu kila namba peke yake. Sentensi ikiwa nusu kweli akubali hiyo nusu akatae iliyobaki, mfano "ulikuwa unaendesha ukiwa umelewa", kuendesha ndio, kulewa hapana. "Sijui" tupu haitoshi, lazima aseme kaulizia na katafuta vya kutosha na bado taarifa hazitoshi. Na asikatae anachojua ni kweli, kikithibitishwa baadaye anaweza kulipishwa gharama za kukithibitisha.

Siku zikiwa zishapita bado anaweza kuomba mahakama imruhusu kuondoa kukiri huko, ila asingoje.

Hata kwetu usichokikanusha waziwazi kwenye utetezi wa maandishi unahesabika umekikubali, huku Iringa nimeona watu wa kesi za mashamba wakiumia kwa hilo, inaniuma sana.

Yuko jimbo gani, na karatasi kapokea lini?