Sheria ya 2016 haivuki bahari

Umeuliza kama Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ndiyo inayozuia magazeti ya Zanzibar kuandika ndoa za mawaziri. Hapana, sheria hiyo ni ya Tanzania Bara tu. Habari si jambo la Muungano. Huku kwetu Zanzibar magazeti yako chini ya Sheria Na. 5 ya 1988, na ndiyo iliyokuwapo gazeti la Dira lilipofungiwa Novemba 2003.

Hilo la ndoa za mawaziri kutoandikwa ni sitara zaidi kuliko sheria, ingawa Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inalinda faragha, kifungu cha 15. Pale Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, kahawa ikimiminwa, talaka ya mkubwa utaisikia yote. Mtu akitoa simu arikodi, mara mazungumzo yashakuwa bei ya karafuu. Ila nyumba ya bi mdogo ikijengwa kwa fedha za serikali, hiyo ni habari.