Kukunja mkeka nako ni somo

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: shule inayojitambulisha kuwa inamlea mtoto mzima, yaani mwili, akili, moyo na namna anavyoishi na wenzake, inapofungua mwaka mpya ianze masomo mara moja, au itumie wiki za kwanza kuwazoesha watoto? Nimefundisha watoto wa umri wa miaka 3 hadi 6 kwa miaka 11, katika shule inayofuata njia ya Maria Montessori, na kila mwaka wazazi huniuliza jambo hilohilo mlangoni, wengine kwa upole, wengine wakiwa na wasiwasi usoni. Kwa maoni yangu swali limetenganisha vitu viwili ambavyo ni kimoja. Kuzoea ndilo somo la kwanza, nalo lina mpangilio wake, mazoezi yake na dalili zake za kufaulu, kama lilivyo somo la hesabu.

Siku ya kwanza rafu za darasa langu huwa karibu tupu. Herufi za msasa, yaani zilizokatwa kwa karatasi ya msasa ili mtoto azipapase kwa kidole, fimbo za hesabu na ramani za mbao zote ziko kabatini. Kilichopo ni mitungi miwili midogo ya kumiminia maji, vitambaa vya kufutia, vitabu vichache vya picha, na kikapu chenye mikeka midogo iliyokunjwa na kusimamishwa wima. Somo ninalolitoa ni la kukunja mkeka. Ninakaa sakafuni kando ya mtoto, ninautandika, halafu ninaanza kuukunja polepole bila kusema neno, nikisimama kila baada ya mzunguko mmoja ili kugonga kingo kwa viganja zilingane. Mtoto hujaribu, na mara nyingi mkeka hutoka umepanuka upande mmoja na kuchongoka upande wa pili. Simsahihishi, kwa sababu mkeka wenyewe umekwisha kumwambia: haukai kikapuni. Mwaka uliopita mtoto mmoja wa miaka 4 aliukunja na kuukunjua mara saba mfululizo, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo, na aliporidhika alinyanyuka akaenda kuurudisha mahali pake kwa mikono miwili, bila kututazama sisi tuliokuwa tunamtazama.

Katika kazi hiyo moja kuna kifundo cha mkono kitakachoshika penseli baadaye, jicho linalojifunza kupima usawa, na akili inayofuata jambo tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna pia jambo ambalo mimi ninalithamini kuliko hayo yote. Mkeka uliotandikwa ni eneo la mtu, na katika darasa letu hakuna anayeukanyaga, hata mwalimu. Mtoto anayejifunza kuuzunguka mkeka wa mwenzake amekwisha kujifunza kwamba mwenzake yupo na kwamba kazi ya mwenzake ina heshima yake.

Montessori, aliyekuwa daktari kabla ya kuwa mwalimu, alifungua shule yake ya kwanza, iliyoitwa Nyumba ya Watoto, tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa ajili ya watoto wa familia za wafanyakazi maskini. Katika kumbukumbu zake kuna kisa ninachokirudia kila mwanzo wa mwaka. Siku moja aliwafundisha watoto namna ya kupenga kamasi kwa kitambaa, taratibu na bila kelele, naye alidhani watacheka. Badala yake walimsikiliza kwa makini, na alipomaliza walimpigia makofi. Alielewa kwamba watoto wale walikuwa wamekaripiwa mara nyingi kwa ajili ya pua zao, lakini hakuna mtu aliyewahi kuketi nao na kuwafundisha. Ninaamini hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kumzoesha mtoto na kumtiisha: anayetiishwa huambiwa asipige mlango kwa kishindo, na anayezoeshwa huonyeshwa jinsi mlango unavyofungwa, kisha hupewa nafasi ya kuufunga mwenyewe.

Jamii ya shule kama yetu ina msaada mmoja ambao madarasa ya umri mmoja hayana. Watoto hukaa pamoja kwa miaka mitatu, kwa hiyo mwaka mpya unapoanza takriban theluthi moja ndio wageni, na waliobaki wanajua ndoo iko wapi na kwa nini tunatembea ndani badala ya kukimbia. Sisi huwaita kwanza wale wa zamani kwa siku chache, kisha wageni huingia wawili au watatu kwa siku, ili kila mmoja apate mkono wa kumpokea. Mtoto aliyelia hadi adhuhuri mwaka jana ndiye mwaka huu anayemwonyesha mgeni msumari wa kutundikia mkoba. Hata hivyo, walimu wenzangu, tuwe waangalifu hapa. Mtoto wa zamani hajageuka kuwa msaidizi wetu. Naye anaanza mwaka: marafiki zake wakubwa wameondoka, yeye sasa ndiye mkubwa, na wapo wanaolemewa na nafasi hiyo wakarudia kunyonya kidole. Nimejifunza kumtafutia kila siku muda wa kukaa nami peke yake, hata dakika tano.

Wenzetu wa shule za Waldorf wana utaratibu tofauti, na kuna jambo lao ambalo ningependa shule zote zilichukue. Shule yao ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria kilichoongozwa na Emil Molt. Kabla ya kufunguliwa, Rudolf Steiner, mwanafalsafa aliyeiasisi njia yao ya kufundisha, alikaa na walimu kwa zaidi ya wiki mbili, siku baada ya siku, wakijiandaa. Walimu walianza mwaka kabla ya watoto. Mtoto wa darasa la kwanza, kwa mapokeo yao, huanza kwa kuchora mstari ulionyooka na mstari uliopinda, ambamo herufi zote zitakuja kuzaliwa, na mwalimu humpokea kila mtoto mlangoni kwa kumpa mkono. Shule isiyoweza kuiga mapokeo hayo inaweza angalau kuwapa walimu wake siku kadhaa za kukaa pamoja na kuzungumza na kila mzazi juu ya mtoto wake: analalaje, anaogopa nini, nani amezaliwa au amefariki nyumbani tangu shule ilipofungwa. Bila habari hizo mwalimu humpokea mtoto nusu.

Nimewahi kuipuuza imani hii kwamba kuzoea ndilo somo la kwanza, na watoto ndio walioumia. Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha, wazazi kadhaa waliuliza kwa nini darasa la jirani limekwisha kuanza kusoma na letu bado linafuta meza. Mmoja alinikumbusha kwamba udongo huwahiwa ungali maji. Jumatatu iliyofuata nilijaza rafu zote. Kabla ya mwezi wa pili kwisha, fimbo za hesabu, ambazo ndefu kuliko zote ina urefu wa mita 1, zilikuwa zimegeuka panga, herufi zilitupwa chini ya makabati, na watoto wawili wapole walikuwa wameacha kabisa kuchukua kazi kwa kuogopa kusukumwa. Wiki ya saba nilirudisha kila kitu kabatini, nikaanza upya na mkeka. Wazazi wale hawakuwa wabaya. Walikuwa na hofu ya mtoto kuachwa nyuma, na hofu hiyo ilistahili kujibiwa kwa maelezo, nami niliijibu kwa rafu zilizojaa. Kuhusu methali ile, udongo ulio maji hupokea alama ya kila kidole, pamoja na kidole chenye pupa.

Kwa sababu hiyo ninasema wazazi nao huanza mwaka. Siku hizi tunawaita jioni moja kabla ya kufungua, wanakaa sakafuni, na kila mmoja anakunja mkeka. Baada ya hapo ni wachache wanaouliza masomo yataanza lini. Tunawaomba pia jambo moja gumu: kuaga kwa ufupi, na kuaga kweli. Mzazi anayetoroka mtoto akiwa ameangalia pembeni hufanya hivyo kwa huruma, lakini mtoto hugundua, na tangu siku hiyo hawezi kufanya kazi yoyote bila kuutazama mlango. Mwambie utarudi baada ya hadithi, kwa kuwa hadithi anaijua na saa haijui, kisha uondoke hata akilia, na urudi hadithi inapokwisha.

Muda wa kuzoea haupangwi kwa kalenda peke yake. Mimi huangalia kama mtoto anachagua kazi bila kutumwa, anaimaliza, na kuirudisha ilipotoka. Na kama darasa linaweza kufanya kazi mfululizo kwa muda unaorefuka kila wiki, hadi kufikia zile saa 3 zisizokatizwa tunazozikusudia. Mara nyingi dalili hizo huonekana katika wiki ya tatu au ya nne, na ndipo vifaa hutoka kabatini, rafu moja baada ya nyingine. Mwaka huu herufi za msasa zilitoka Jumatano ya wiki ya nne. Mtoto wa kwanza kuzisogelea aliitazama herufi ya juu kwa muda, akaiacha pale pale, akaenda kwanza kikapuni kuchukua mkeka.