Samaki wa escovitch asimomonyoke

Dada, umeuliza kwa nini samaki wako wa escovitch, yule wa kukaanga wa Kijamaika anayemwagiwa siki ya viungo, anamomonyoka ukimmwagia siki. Ni maji yaliyobaki mwilini mwake! Mkaushe kwa kitambaa mpaka ndani ya tumbo na kwenye michanjo, ndipo umpake chumvi na pilipili manga. Mafuta yapate moto sawasawa, na usimgeuze mpaka aachie kikaango mwenyewe.

Siki ichemshe kando na punje za pimento (kiungo kiitwacho pia allspice), utie vitunguu vya duara, karoti na pilipili mbuzi. Dakika mbili tu, vitunguu vibaki vigumu kidogo vya kutafunika. Mwagia ikiwa moto. Wajamaika wengi humla Ijumaa Kuu, kwa bammy, mkate wao wa muhogo. Nakuomba ubakishe wa kesho, ndiye mtamu hasa.