Ukipiga gita nyuma ya mwimbaji, msikilize Don Helms

Vijana wanaotaka kuingia kwenye bendi za kantri hapa Nairobi huniuliza wanunue gita gani. Mimi huwatajia mtu: Don Helms, mpigaji wa gita la stili. Wengi hawamjui, ingawa wamemsikia tangu utotoni. Kama nyumbani kwenu palikuwa na kaseti ya Hank Williams, mwimbaji wa kantri wa Marekani, basi ile sauti nyembamba inayolia juu kabisa kwenye "Cold, Cold Heart" na "Your Cheatin' Heart" ni yake. Alimpigia Hank kwenye nyimbo zaidi ya 100, na hakuna anayemtaja kwenye matangazo ya redio. Maisha ya mpiga ala wa nyuma ndiyo hayo. Kama hilo linakuuma, afadhali ukaimbe mwenyewe.

Kwa asiyelijua gita la stili: linalazwa mapajani au linasimama kwa miguu yake lenyewe kama meza, mkono wa kulia unachuna, na wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Chanzo chake ni Hawaii, na anayesifiwa kwa kuubuni mtindo huo ni Joseph Kekuku, mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco mwaka 1915, Wamarekani wa bara waliupenda muziki wa Hawaii kupita kiasi, na miaka ya 1920 mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers alikuwa akirekodi na wapigaji wa stili. Huyu ndiye Rodgers ambaye santuri zake zilifika hadi kwa Wakipsigis, wakamwimba kwa jina la Chemirocha, na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, akawarekodi mwaka 1950. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba unaiga mambo yasiyokuhusu. Sauti hii ilikwishapita Kericho kabla babako hajazaliwa.

Helms alizaliwa mwaka 1927 katika New Brockton, Alabama, akakulia shambani. Inasimuliwa kwamba alipopata gita lake la kwanza la umeme, nyumbani hapakuwa na umeme. Alililaza juu ya karai la bati, karai likavuma, naye akajisikia. Huwa nawasimulia hilo wanaosubiri kwanza wapate amplifaya nzuri.

Wewe una gita la kawaida? Linatosha kuanzia. Inua nyuzi kule kichwani kwa kuingiza kipande cha chuma au mfupa chini yake, ziwe mbali na shingo kiasi cha kutogusa frets (vile vyuma vilivyopita shingoni) ukiteleza. Tuni kwenye G ya wazi, yaani D G D G B D kutoka uzi mnene kwenda mwembamba. Katika mpangilio huu nyuzi tatu zinalegezwa na hakuna inayokazwa, kwa hiyo gita halitapinda. Kwa chuma cha kutelezesha, mimi nilianza na soketi ya spana niliyoipata kwa fundi wa magari, laini na nzito. Weka chuma juu kabisa ya fret, si nyuma yake kama ulivyozoea, na vidole vinavyobaki vilale nyuma ya chuma kuzima makelele. Hilo la kuzima ndilo gumu. Kutetemesha sauti kutakuja baadaye. Ukianza nalo mapema utaficha kwamba hauko kwenye noti yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenipa kazi kuliko vidole vyangu.

Fred Rose, aliyekuwa akichapisha nyimbo za Hank na kusimamia rekodi zake, alimwambia Helms apande juu, apige kwenye nyuzi na frets za juu. Sababu ilikuwa ya kibiashara kabisa. Sauti ya Hank na gita la rithimu vilikuwa vimejaa katikati, na watu walisikiliza kwenye redio ndogo na mashine za santuri za baa. Atakayepiga katikati atamezwa, na atamchafua mwimbaji. Huko juu palikuwa wazi. Helms akahamia huko na Gibson yake ya shingo mbili, na hadi leo ukisikia noti mbili tu unajua ni nani.

Bendi zetu zina tatizo hilohilo, pengine kubwa zaidi. Kinanda kiko katikati, gita la pili liko katikati, mwimbaji yuko katikati, halafu kila mmoja anamlaumu mtu wa mitambo. Kwenye klabu ninapopiga, kabla ya wimbo huwa nauliza jambo moja: nani yuko wapi? Kinanda kikishika juu, nashuka au nanyamaza. Mara nyingi juu pako tupu, nami najaza hapo kwa noti chache. Waimbaji huniambia siku hizo kwamba wamejisikia vizuri, bila kujua kwa nini.

Pia sikiliza wakati anaopiga. Hank akimaliza mstari na kuvuta pumzi, Helms anajibu kwa maneno matatu manne ya nyuzi, kisha anaondoka. Fidla ikichukua zamu, yeye hayupo. Sio adabu tu, ni ajira. Mwimbaji ndiye anayekupigia simu Jumatatu, na hampigii mtu aliyemkatiza Jumamosi. Najua meza ya mbele itapaza sauti itake solo, hasa saa sita za usiku. Ipe kiasi. (Helms alisimulia kwamba Hank alipomchukua kwenye bendi aliwanunulia wanamuziki wake virungu vidogo kwenye duka la rehani, kwa ajili ya ugomvi wa baa. Sikushauri ufike huko, ila panga mapema mtatokea mlango upi.)

Jifunze pia kuzihesabu kodi (chords) kwa namba, kila kodi kwa nafasi yake kwenye skeli ya wimbo. Nashville, mji wa studio za kantri, walizoea kurekodi nyimbo tatu hadi nne katika kipindi cha saa tatu, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Neal Matthews wa kundi la waimbaji la Jordanaires alibuni njia ya kuandika 1, 4, 5 badala ya G, C, D. Mwimbaji akisema ana mafua, tushuke hatua mbili, karatasi haibadiliki. Kijana anayelijua hili anapata nafasi mbele ya mwenye vidole vya kasi, nimeliona likitokea mara nyingi.

Hank alifariki tarehe 1 Januari 1953, Helms akiwa na miaka 25. Mtu aliyejifunga kwa mwimbaji mmoja angerudi shambani. Yeye alipiga na mwimbaji Ray Price, akawa na kundi la Wilburn Brothers kwa miaka mingi, na mwaka 1956 akaingia studio na mwimbaji Patsy Cline kurekodi "Walkin' After Midnight". Tena alishirikiana na akina Wilburn kuanzisha wakala wa wasanii, Wil-Helm, ulioshughulikia kazi za mwimbaji Loretta Lynn. Hapo ndipo wengi wetu tunashindwa: tunasubiri kuitwa, wakati tunawajua wenye klabu wote na tungeweza kuwa sisi tunaoita.

Kuhusu pedali, zile za kukanyaga zinazobadilisha mkazo wa nyuzi za stili, sina msimamo mkali. Mwaka 1954 wimbo wa Webb Pierce, "Slowly", ulitamba ukiwa na stili ya Bud Isaacs, ambaye alikanyaga pedali katikati ya kodi, noti zikapinda na kuungana. Ghafla kila mpigaji alitaka pedali. Helms hakuhama, wala Jerry Byrd, ambaye mwishowe alihamia Hawaii mwaka 1972 na kufundisha huko. Vijana hupenda kunitajia hawa wawili kama ushahidi kwamba pedali hazihitajiki. Lakini Helms alikwishakuwa na sauti inayojulikana, na kazi nyingi za studio zilikwenda kwa kina Buddy Emmons na Lloyd Green, waliozimudu. Ukitaka kuishi kwa studio za Nashville, jifunze pedali. Kwa klabu za hapa, ambako gita la pedali ni zito, spea hazipatikani na utapanda nalo matatu, la mapajani litakulisha.

Anza na "Cold, Cold Heart". Usiige noti zake kwanza. Cheza rekodi, weka chuma juu ya nyuzi, na uchune pale tu Hank anapovuta pumzi. Jirekodi kwa simu, usikilize kesho yake, ufute nusu ya ulichopiga. Rudia na wimbo wa mwimbaji unayefanya naye kazi sasa hivi, kisha umpelekee hiyo rekodi kabla ya mazoezi.