Muulize Fundi: Magogo njiani, mbuzi wa zawadi na Foneksi ya babu

Wiki hii barua nyingi ni za mbio za baiskeli za mlimani, nadhani kwa sababu masika yamekwisha na vijana wameanza kuzitoa stoo. Nimechukua tano, zingine zinafanana sana. Mnaouliza bei ya gia za mtumba nitawajibu siku nyingine.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Lushoto. Mwaka juzi tulianzisha mbio za mauntenbaiki na vijana 18, mwaka jana wakaja zaidi ya 40, tukawapitisha njia zile zile za mashambani kushuka bondeni. Asubuhi ya mbio tukakuta mtu kalaza magogo mawili njiani na mbele yake kuna miba imemwagwa. Barua nilipeleka kwa mtendaji mapema na mhuri ninao. Mwaka huu tufanyeje, au tuhamie barabara kubwa?
*Mwalimu, Lushoto*

Marahaba mwalimu. Mhuri unao sawa, sasa nikuulize, huyo wa magogo umeshakaa nae? Maana hujaniambia hata jina lake la utani, na hapo ndo penye shida yako.

Njia za Usambara nazijua, sio njia za serikali zile. Nyingi zinapita ukingoni mwa matuta ya mtu, zimechongwa na jembe lake na miguu ya familia yake, jirani anapita kwa hisani tu. Mwaka wa kwanza ulipita na baiskeli 18, udongo mkavu, watu wakashangilia, ikaisha. Mwaka wa pili zimepita 40 na kitu, na kijana akiogopa mteremko anabana breki ya nyuma mpaka tairi linaburuza halizunguki, likiburuza linachora mstari, wa nyuma yake anaufuata huo huo mstari, mpaka wa mwisho anashuka tayari ni mfereji. Mvua ikija maji hayatafuti njia nyingine, yanaingia humo humo na kuukata ukingo wa tuta, maharage yanashuka bondeni na udongo wake. Sasa huyo mtu alitengeneza peke yake na wewe ulikua shule unafundisha. Mi ningeweka magogo matatu.

Usione nakusema, yamenikuta. Sehemu moja tuliyokua tunashindania mzee mmoja alifunga njia siku mbili kabla, mi nikamfata na kibali cha polisi mkononi kama vile nimeshinda kesi. Akakipokea, akakigeuza nyuma na mbele, akaniuliza, "hiki kimeandika maharage yangu yako wapi?" Nikakosa jibu, nikakaa kwenye kigoda na chai nikapewa. Tulivyomaliza chai ndo nikajua kumbe kuna njia nyingine kwa juu, ya mawe, haina shamba la mtu, ngumu zaidi na tamu zaidi kwa mbio, na yeye mwenyewe akanipeleka kuiona.

Kwahiyo barabara kubwa sahau, zile kona za Soni na malori na bodaboda utaua mtu. Rudi njiani kwa miguu na mwenyekiti wa kitongoji, sio wa kijiji, wa kitongoji, ndo anajua kila tuta la nani. Na nenda asubuhi ile saa utakayotaka kuanza mbio, ukae jiwe moja uangalie nani anapita. Utaona kina mama wanashuka na matenga ya mboga kichwani kuwahi gulio, wengine na kuni, mtoto mgongoni, mikono yote imeshika mzigo. Huyo mama akisikia "njiaaa!" nyuma yake anaenda wapi? Ukishaona hivyo mwenyewe utasogeza mbio saa nne, na siku ya gulio utaipisha kabisa.

Wasimamizi wa njia nao chukua vijana wa hapo hapo, usilete wa mjini wenye fulana zinazofanana. Kijana wa hapo akimwambia shangazi yake "subiri kidogo wanapita watatu" shangazi anasubiri, wa mjini ataambiwa "we nani?" Walipe. Na ile Jumatatu baada ya mbio urudi na majembe na wanafunzi kumi mzibe michirizi kabla hujapiga picha za washindi, hiyo kazi ya saa mbili inakufungulia njia mwaka mzima.

Vibali vingine usiviache, afisa michezo wa halmashauri ajue, chama cha baiskeli CHABATA mkoani wajue, polisi kwa pale mnapokatisha lami. Na kama unataka kugusa msitu wa Magamba ule ni hifadhi ya mazingira asilia iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, barua yake ni ya peke yake na upeleke mapema sana, mtendaji hawezi kukupa ruhusa ya msitu hata awe mjomba wako.

Fundi habari za kazi. Sisi ni kikundi cha baiskeli Arusha, mbio zetu ziliingia mdosi mmoja akaahidi zawadi zote, tukabandika mabango, siku yenyewe simu haipatikani. Washindi walitaka kutupiga. Mwaka huu tunataka zijitegemee kwa kiingilio cha elfu tano, inawezekana?
*Katibu, Arusha*

Poleni, mdosi wa simu haipatikani tunamjua wote. Haya tupige hesabu za kitaani. Watu 40 mara 5,000 ni 200,000. Wasimamizi 14 ukiwapa 7,000 kila mmoja hapo 98,000 imeondoka. Pikipiki ya kuzunguka na mafuta yake 30,000. Maji na ndizi 35,000. Chokaa, namba na pini 15,000. Jumla 178,000, umebaki na 22,000, haipati hata mguu wa mbuzi.

Kwahiyo kiingilio kinaendesha mbio, zawadi hakinunui, na hapo ndo vikundi vingi vinapokosea, wanachukua hela ya wasimamizi wanaiweka kwenye zawadi ili bango lipendeze, alafu kona mbaya inakaa haina mtu. Zawadi tafuteni pembeni na muombe vitu, msiombe hela. Duka la spea likikupa tairi mbili na tyubu sita limetoa kitu lilichonacho dukani, na mshindi anakitumia. Na msitangaze zawadi ambayo haijafika mkononi. Mbuzi awe amefungwa pale pale kwenye mstari wa kuanzia, watu wamuone anakula majani, hakuna maneno tena. Kama ni hela tumeni kwa simu mbele za watu, meseji isomwe kwa sauti.

Lingine hamjauliza ila nalisema. Msimuweke kijana wa Foneksi, ile baiskeli nzito isiyo na gia, kundi moja na bwana mwenye baiskeli ya shokapu mbele na nyuma. Nimeona mbio zikifa kwa hilo tu, mwaka wa tatu vijana wa mtaani hawaji, wanasema zile ni mbio za wenye hela. Gawa makundi mawili, wa gia na wasio na gia, zawadi sawasawa.

Fundi, niko Naivasha, Kenya. Tulikuwa tunataka kufanya mbio zetu ndani ya mbuga ya Hell's Gate kwa sababu huko baiskeli zinaruhusiwa. Pia niulize, mwaka jana tukiwa huku nje mtu alianguka vibaya akabebwa na nduthi (bodaboda) hadi kliniki. Daktari alitukaripia sana. Tulikosea wapi?
*Dada wa Naivasha*

Dada, kweli Hell's Gate unapita na baiskeli kati ya pundamilia na twiga, mbuga chache sana zinakubali hilo. Lakini kuruhusiwa kutembea na baiskeli sio kuruhusiwa kushindana. Nyati akikuona unakuja pole pole ana muda wa kuamua, akikuona umetokea kona na spidi hana. Waoneni KWS, shirika la wanyamapori la huko kwenu, wakisema sawa muulize ni askari wangapi watakuwa njiani na nani anawalipa. Kwa mbio za watu 30 mi naona mngebaki nje, kwenye mashamba ya watu mliokubaliana nao, mbugani mwende Jumapili kupumzika.

La nduthi, daktari hakuonea mtu. Mtu aliyeangukia kichwa au shingo ukimkalisha katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, barabara ya mashimo, unaweza kummalizia mgongo njiani. Mwache pale pale alipo, mtu mmoja ashike kichwa kisicheze, mwingine asimamishe wanaokuja nyuma, hilo la pili linasahaulika kila mara na wanamgonga tena. Damu ikitoka bana na kitambaa safi usiachie. Akibebwa abebwe amelazwa, kwa gari, kwahiyo gari liwepo toka asubuhi na dereva wake asiwe amekwenda kunywa chai. Pick-up yenye godoro na ubao ni bora kuliko ambulensi ya kuahidiwa. Na ongeeni na hiyo kliniki kabla, mjue kama Jumamosi kuna daktari au mlinzi tu.

Yule anayeinuka mwenyewe anasema "niko poa" muulize kituo cha mwisho amepita wapi na leo siku gani. Akikosa, mchukulie baiskeli, atakasirika, mwache akasirike. Kuanguka hakuchagui mgeni wa mchezo. Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wa kwenu, alikuwa ameshindana nchi ngapi, mnajua, alianguka kwenye mbio za changarawe Vermont kule Marekani Agosti 2022 akafariki. Asiye na helmeti asianze, hata kama ni mtoto wa aliyetoa mbuzi.

Na punguzeni ajali zenyewe kwa kuwaachia mmoja mmoja, kila baada ya nusu dakika. Watu 30 wakiondoka pamoja kuingia njia ya upana wa mkono wanagongana mita 100 za kwanza.

Fundi ukiwaachia mmoja mmoja si ndo muda unachanganya? Sisi tulipata washindi wawili wa kwanza na kila mmoja ana mashahidi.
*Wa Morogoro*

Unachanganya kama mnaandika kwa vichwa. Simu mbili, moja juu moja chini, zote zimewekwa saa ya mtandao, ziangalieni pamoja asubuhi sekunde kwa sekunde. Wa juu anaandika namba na saa ya kuondoka, wa chini namba na saa ya kufika, mkikutana mnatoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Penseli na sio kalamu, karatasi ikilowa wino unakimbia. Chini wawe watu wawili, mmoja anasoma namba kwa sauti na mwingine anaandika tu haangalii juu, maana akiangalia mbio ataanza kushangilia. Namba sita na tisa piga mstari chini yake, nimeshawahi kumpa wa 9 zawadi ya wa 6 na nikazirudisha mwenyewe kwa miguu. Zifungeni kwenye usukani kwa vipande vya tyubu kuukuu, hazichaniki kama pini.

Na alama za njia ni chokaa. Kamba za rangi watoto wanafungua wanachezea, mbuzi nao wanatafuna. Mwaka mmoja chokaa iliisha nikaona nitumie unga, ulikua umebaki nyumbani, nikachora mishale mizuri jioni. Asubuhi kuku wa kijiji kizima wako njiani, mishale yote imeliwa mpaka kona ya tatu, na mke wangu hajanisamehe mpaka leo.

Shikamoo fundi. Mimi nipo darasa la saba, babu ameniachia Foneksi. Naweza kuingia mbio za mlimani au watanicheka?
*Mjukuu, Same*

Marahaba mjukuu. Wakicheka waambie hivi. Oktoba 1976 huko California vijana walianza kushindana kuteremka mlima mmoja kwa baiskeli kuukuu nzito, zingine za gia moja, breki ni ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Mteremko ulikua mkali mpaka grisi ndani ya habu inaungua inatoa moshi, wakifika chini lazima wafungue wapake upya, ndo wakauita mteremko ule Repack, kwa Kiingereza ni kama kupaka upya. Mauntenbaiki zinazouzwa leo kwa mamilioni zilizaliwa kwenye vyuma kama hicho cha babu. Na baada ya miaka 20 tu mchezo ukaingia Olimpiki, Atlanta 1996, na London 2012 Adrien Niyonshuti wa Rwanda akashindana humo na bendera ya nchi yake akabeba yeye.

Sasa tutengeneze hiyo Foneksi. Toa keria na kengele, toa mkinga matope wa mbele, udongo ukijaa pale gurudumu litagoma. Breki za fimbo zinategemea ule mpira kugusa rimu, kwahiyo weka mipira mipya minne na uangalie fimbo hazijapinda, na rimu ikilowa anza kubana mapema sana kabla ya kona maana haitashika mara moja. Kagua ile kotapini inayoshika mkono wa pedeli, pande zote mbili, ukisikia "kli kli" unapokanyaga imelegea, igonge kwa nyundo ndogo alafu kaza nati yake, usigonge ukiwa umeifungua nati yote utaharibu uzi. Upepo usijaze mpaka tairi liwe jiwe, acha kidole gumba kibonyee kidogo. Beba tyubu moja, pampu na spana. Siti ishushe kidogo kabla ya mteremko, na pale pabaya shuka usukume, watu wazima pia wanasukuma, mimi nasukuma.

Omba ruhusa nyumbani na uingie kundi la wasio na gia.