Kutoa michoro ya UML kwenye msimbo wa Java: zana inaishia wapi, wewe unaanzia wapi

Mkuu, umesema umeachiwa mfumo wa mikopo wa SACCOS ulioandikwa kwa Java, aliyeuandika kaondoka, nyaraka hakuna, na bosi anataka michoro ya UML (michoro sanifu inayoonyesha sehemu za programu na zinavyohusiana). Ukauliza kama kuna programu ya kubonyeza tu mchoro ukatoka. Zipo. IntelliJ ya kulipia inachora, Doxygen ikisaidiwa na Graphviz inachora bure (kwenye mipangilio yake weka HAVE_DOT na UML_LOOK ziwe YES), na wenzetu wa Python wana pyreverse inayokuja pamoja na Pylint. Kazi inaanza ukishaifungua hiyo picha.

Mifumo ya namna hii nimeshaichora kadhaa. Ukiipa zana mradi mzima, unapata utando wa visanduku usiosomeka hata ukiuchapisha kwenye karatasi ya A0: methodi za get na set (za kusoma na kubadili thamani tu) zote zimo, klasi za majaribio zimo, na klasi ya Utils imeunganishwa na kila mtu. Kwa hiyo anza na swali, mfano "rejesho la mkopo linapita wapi mpaka liingie kwenye leja?", kisha chora klasi zinazolijibu hilo tu. Zikizidi kumi, gawa mchoro.

Urithi usikuumize kichwa, extends na implements zinajieleza zenyewe. Tatizo ni mistari ya uhusiano. Klasi Mkopo ikiwa na fildi (sehemu ya kutunzia data) ya List<Rejesho>, yaani orodha ya marejesho, baadhi ya zana zinachora mshale kwenda List, wakati unachotaka ni Mkopo 1 kwa Rejesho 0..* (mkopo mmoja, marejesho sifuri au zaidi). Msimbo ukiwa wa mtindo wa kabla ya Java 5 ya mwaka 2004, utakuta List tupu isiyotaja aina. Hapo nenda mahali orodha inaposomwa, utakuta mtu kaandika (Rejesho) it.next(), na aina umeshaipata.

Almasi nyeusi, alama ya UML ya umiliki kamili (mzazi akifa na mtoto anakufa), ndiyo inayodanganya watu zaidi. Java haina alama ya kutofautisha umiliki kamili na uhusiano wa kawaida. Fildi ni fildi. Zana ikikuwekea almasi nyeusi, imebahatisha. Mimi naangalia nani anaita new (neno la kuunda kitu kipya), nani mwingine ameshikilia kitu kilekile, na mzazi akifutwa mtoto anabaki au anaondoka naye. Kama wametumia JPA (kiwango cha Java cha kuhifadhi vitu kwenye kanzidata) una bahati: orphanRemoval = true kwenye marejesho maana yake rejesho likitolewa kwenye orodha ya mkopo wake, linafutwa na kwenye kanzidata. Huo ni umiliki. Mdhamini je? Huyo anaweza kudhamini mikopo ya wanachama tofauti, na yeye mwenyewe ni mwanachama, kwa hiyo ukimpa almasi nyeusi umeshapotosha.

Mkitumia Spring (fremuweki ya Java inayowaunganishia klasi yenyewe), zana itakuonyesha huduma inategemea intafesi, yaani orodha ya methodi bila utekelezaji, basi. Haikuambii wakati wa kuendesha inaingia klasi ipi. Tafuta @Qualifier na @Profile, alama zinazochagua klasi ya kuingizwa, na mfumo ukiwa wa zamani pekua mafaili ya XML.

Mchoro wa mfuatano (unaoonyesha nani anamwita nani, hatua kwa hatua) sijawahi kuridhika na unaotolewa kwa kusoma msimbo peke yake. Njia yangu: simamisha programu kwa dibaga (zana ya kukagua programu ikiwa inaendeshwa) pale inapohifadhi rejesho, kisha soma orodha ya miito (call stack) kuanzia chini kwenda juu. Ruka mistari ya java.lang.reflect na majina yenye SpringCGLIB, hayo ni ya fremuweki. Kumbuka miito iliyokwisha kurudi haimo humo, kwa hiyo fungua kila methodi uone ilimwita nani kabla ya hapo.

Toleo la mwisho liandike kwa PlantUML, kwa sababu ni maandishi na unaweza kuliweka kwenye Git (zana ya kutunza matoleo ya msimbo) pamoja na msimbo. Mistari niliyoikisia naipaka nyekundu mpaka nikae na afisa mikopo. Yeye ndiye anajua kama mdhamini anaruhusiwa mikopo miwili kwa wakati mmoja, maana masharti mengine yako kwenye utaratibu wa ofisi tu, hakuna aliyeyaandika kwenye programu.

Tuambie basi, mnatumia JPA au JDBC tupu (msimbo unaongea na kanzidata kwa SQL moja kwa moja)? Kama ni JDBC, anza na funguo za kigeni kwenye kanzidata (zinaonyesha jedwali lipi linarejelea lipi) kabla hujagusa klasi yoyote.