Jibu: Nimekwama kwa baba wa babu, nimepata watu wawili wenye jina lake

Habari ndugu. Umesema umepata watu wawili wenye jina la baba wa babu yako, waliozaliwa miaka 4 tofauti, na hujui yupi ni wenu.

Vyeti vya kuzaliwa viweke kando kwanza. Tafuta cheti cha ndoa usome majina ya mashahidi. Mimi hujitolea kuwasaidia watu kutafuta nasaba zao, na mara nyingi shahidi ndiye aliyenifungulia njia: hutokea kuwa kaka, shemeji au mjomba, na ukimfuata yeye unawafikia wazazi. Fuatilia pia ndugu wote wa huyo baba wa babu. Cheti cha mdogo wake kinaweza kutaja jina la mama ambalo chake hakina.

Hiyo miaka 4 isikutishe, wengi walikadiria umri. Makarani nao waliandika jina walivyolisikia, hivyo jaribu kila tahajia. FamilySearch, tovuti ya kutafutia nasaba, ni bure, ila mti wa ukoo uliojazwa na mtu mwingine humo usiuamini mpaka uone hati yenyewe. Niliwahi kuunakili mmoja nikapoteza miezi kwenye ukoo usio wangu. Iliniuma.

Kuhusu kipimo cha DNA, apimwe kwanza mzee wenu aliye hai: kwa wastani amebeba DNA ya huyo baba wa babu mara mbili kuliko mwanawe. Na kama shangazi au bibi yupo, kaa naye wiki hii umrekodi, tafadhali usisubiri.

Ukipata majina ya mashahidi yaweke hapa, tuyafuatilie pamoja.